Dobi na soli zinazousemea mguu wake

Asubuhi mapema, kabla wateja hawajaanza kugonga dirisha, Mama Pasi anaizunguka meza yake. Anakunja shati, anazunguka. Anakunja jingine, anazunguka tena.

"Wenzangu wananiita mlinzi wa zamu," anasema dobi huyu, akicheka kidogo. "Waache waseme. Nikisimama kama mlingoti, soli zinalala."

Soli anazozitaja zimo ndani ya viatu vyake, nyembamba kama kadi. Hazina betri. Kila anapokanyaga, uzito wake huzipatia umeme kidogo, nazo hupima joto na mgandamizo wa unyayo. Pakiwa na hatari, simu yake hulia. Ni za majaribio; alipewa na zahanati anakotibiwa kisukari.

Ugonjwa huo umemtia ganzi miguuni. Mwaka jana kaa la moto lilichomoka kwenye pasi ya mkaa, likatua ndani ya kandambili.

"Nilisikia harufu, nikadhani nimeunguza suruali ya mtu. Kumbe naungua mimi."

Kidonda kilichimba, hatimaye kidole kikakatwa.

Mwezi uliopita simu ililia akiwa na rundo la mashuka ya nyumba ya wageni. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimepanda joto. Yeye hakuhisi chochote.

"Ngoja nimalizie haya," alimwambia wifi yake, anayefanya naye kazi.

"Wifi, vua kiatu," akajibiwa. "Mashuka hayana miguu ya kukimbia."

Alipovua, wakakuta bitana ya ndani imefumuka na kujikunja. Ngozi ilikuwa nyekundu, bado haijachubuka. Wakampigia simu muuguzi wa zahanati, naye akamwagiza apumzike mpaka wekundu uishe. Wifi akayapiga pasi mashuka yote peke yake, "na masimango juu."

Majaribio yatakwisha, na Mama Pasi hajui kama ataachiwa soli hizo. Ameomba, anasubiri jibu. Hata hivyo, kila jioni hukagua nyayo zake kwa kioo, kama alivyofundishwa.

Kinachomkosesha raha zaidi ni mdogo wake wa kike, ambaye juzijuzi ameambiwa naye ana kisukari. Akipigiwa simu husema hajambo, miguu haimuumi.

"Hapo ndipo ninapoogopa. Hata mimi haikuniuma," anasema, akiiweka pasi pembeni. "Jumapili nakwenda kwake. Avue viatu kwanza, salamu baadaye."