Skramu ya Mwaka Mpya

Kwa miaka kumi na mmoja Mncedisi Gwintsa aliishi kwa raga. Alisukumana na majitu ya mijini mpaka masikio yakamvimba kama maandazi, na hakuna timu iliyowahi kujuta kumwajiri. Lakini mkataba ulimkataza kucheza kwingine, hivyo kila Krismasi aliporudi kwao Mqhumeni aliishia kuibebea timu yetu ya kijiji ndoo ya maji pembeni ya uwanja. Shangazi yake Nokhwezi hakujali. Alimwita kwa jina la sifa la ukoo wao, Dlangamandla, kama anavyoitwa mtu wa heshima.

Mwaka aliotangaza kustaafu, fainali ya vijiji ya Desemba ishirini na sita ilikuwa dhidi ya jirani zetu wa Ntlabeni. Dakika mbili zilibaki, tuko nyuma kwa pointi tatu, na skramu, ule msukumano wa wanane kwa wanane, ni yetu, hatua chache tu kutoka mstari wao. Hapo mtu wetu wa mstari wa mbele akateguka bega. Asipopatikana mzoefu wa nafasi hiyo, na aliyebaki alikuwa Mncedisi tu, sheria inasema skramu isisukumwe, na sisi hatukuwa na kingine zaidi ya kusukuma.

Kaka yake Mncedisi, Phakamile, mwenye miaka arobaini na mmoja na mechi hiyo ndiyo yake ya mwisho, akamjia pembeni.

“Mkataba wako unaisha lini?”

“Bado siku tano, bhuti,” Mncedisi akamjibu kaka yake.

“Nani atakuona huku?”

“Nilitia sahihi, bhuti.”

Phakamile akarudi uwanjani. Tukafungwa. Tulimzomea Mncedisi, na leo naona haya kusema hivyo.

“Mpeni mwajiriwa ndoo yake,” shangazi akasema. Mncedisi alikuwa amevunjwa mbavu mara mbili maishani, lakini neno hilo lilimuuma zaidi.

Asubuhi ya Januari mosi, mkataba ukiwa umeisha usiku, alikwenda Ntlabeni kwa miguu, akabisha mlango kwa mlango. Aliomba jambo moja tu: kombe libaki kwao, ila skramu ile irudiwe. Walimcheka sana, kisha wakaja, wengine bado wananuka pombe ya mkesha.

Wanaume kumi na sita wakainama. Phakamile akapitisha mkono juu ya bega la mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu wakiwa vijana. Wakasukuma. Ntlabeni wakarudi hatua moja, mbili, mpaka mpira ukavuka mstari, na Phakamile akaulalia huku akilia waziwazi.

Shangazi Nokhwezi akaingia uwanjani na ndoo.

“Kunywa maji, Dlangamandla.”