Debe la Kichuguu

Kwetu Mbekenyera, mtu akimpimia mwenzake mahindi, debe lilipaswa kusimama kichuguu mpaka punje zianze kuporomoka. Kupitisha kijiti mdomoni mwa debe ili kuondoa kilichozidi ilikuwa aibu. Mtu wa kijiti aliitwa bahili, na jina hilo lilimfuata hadi kwa wajukuu.

Ndivyo dada yangu alivyompimia mnunuzi aliyekuja na lori kutoka Ruangwa. Dada alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alitaka jembe jipya, na abakize chakula cha miezi ya njaa. Mnunuzi aliyapeleka mahindi Nachingwea, kwa vibarua wa yale mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu. Mimi nilitoka huko huko, nimechoka kubeba magunia, nikapita nyumbani kabla miguu haijaniwasha tena.

Msaidizi wa mnunuzi alilitikisa debe mpaka mahindi yakashuka. Dada akajaza tena kichuguu.

"Dada, huyu dukani kwake anauza kwa kijiti," nilimnong'oneza. "Nimeona juzi nikipita Ruangwa. Nawe futa."

"Mbele ya wenzangu? Shule ndiyo imekufundisha uchoyo, mdogo wangu?"

Wanawake waliokuwa nyuma yetu walicheka. "Mwache, mwenzangu," mmoja alisema. "Huyo siku hizi anakula kwa kijiko."

Mahindi yaliyokuwa madebe matano nyumbani yakatoka manne tu kwa kichuguu. Ili jembe lipatikane, dada alirudi kuchukua debe alilowawekea watoto.

Mvua zilipoanza, ghala likawa tupu. Tulitembea hadi Ruangwa, kwenye duka la mtu yule yule. Msaidizi alijaza debe, akapitisha kijiti.

"Nijazie kichuguu, mwanangu. Mimi si nilikujazia?"

"Mama, hapa dukani ndicho kipimo."

Dada akalipa. Njiani kurudi nilimbebea debe. Kumbe kuwa sahihi hakupunguzi uzito wa mzigo.

Msimu uliofuata, nami nikiwa bado nyumbani, lori lilipokuja, alitoa kijiti cha bua la mtama alichokikata mwenyewe. Akalifuta debe la kwanza. Mnunuzi alitazama, akageukia wengine.

"Debe la kufuta lina bei yake," alisema, akataja bei iliyomfanya dada afumbe macho. "Wenye kichuguu wapite mbele."

Wakapita. Ni jirani zake, nao wana watoto. Dada alisimama pembeni mpaka jua likawa kali, na lori lilikuwa karibu kujaa. Halafu akakitupa kijiti, akainama, akajaza debe mpaka punje zikaporomoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nimehama miji mingi tangu hapo, kila mmoja nikidhani utanituliza. Lakini siku ile niliondoka kwa lori lile lile kurudi Nachingwea, kwa kuwa halikuwapo jingine. Nilikaa juu ya magunia. Dada alinipungia mkono, nami sikujua gunia lipi lilikuwa na mahindi yake.