Koti la mtumba Kibondo lilivyonisaidia kumchora marehemu mama

Wakuu, heshima zenu. Hili limenipata mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni mchoraji, niko Kasulu. Mkono unakula kwenye mabango ya saluni na maduka, ila moyo uko kwenye picha za watu.

Mzee wangu anaishi Mabamba, kule Kibondo mpakani. Siku moja akaniambia, "Unachora watu wa watu. Mama yako lini?"

Nikarudi Kasulu na swali lake.

Mama alifariki nikiwa mdogo, hakuacha picha hata moja. Sura yake imenitoka, wakuu. Nikishika brashi inakuja sura ya dada yangu.

Nikikwama huwa nazunguka mitumbani. Wachoraji wenzangu mtanielewa, ile rangi ya nguo iliyopauka huwezi kuipata kwenye kopo. Kasulu sikuona kitu. Nikiwa njiani kwenda kwa mzee, nikapitia sokoni Kibondo.

Kwa mama mmoja muuza makoti nikaona koti zito la kijani, la kiume, vifungo vikubwa.

Nilisimama kama nimepigwa shoti.

Mama alikuwa na la hivyo! Asubuhi za baridi analivaa juu ya kitenge, anatangulia shamba la maharage, sisi nyuma tunakanyaga umande. Mvua ikitukuta tunajibana wote humo ndani, linanuka moshi wa jikoni. Sura nimeisahau, lakini ule mgongo naujua.

Nikamwambia muuzaji, "Mama, samahani, livae kidogo halafu unipe mgongo."

Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Uso wote huu, we baba unataka mgongo?"

Nikamweleza. Akalivaa, akakaza kitenge chake.

"Alikuwa anatembeaje?"

Nikamwonyesha, bega moja limeshuka kwa ajili ya jembe. Akatembea hivyohivyo katikati ya nguo zake. Machozi yalinitoka sokoni, sioni aibu kusema.

Nikachora. Mama anaenda shamba, ukungu mbele yake.

Nilipompelekea mzee, alikaa mbele ya picha, akaikodolea macho. Nikaingiwa na hofu. "Baba, uso umenishinda. Nikijaliwa nitamgeuza."

Akasema taratibu, "Mwache asigeuke. Akigeuka ataona nilivyozeeka."

Nimejifunza kwamba sura ya mtu ikikutoka, bado hujampoteza. Kuna namna alivyotembea, kuna alichovaa.

Na nyie wakuu, mmewahi kukutana na nini mitumbani kikawarudisha kwenu? Mwageni hapa, nasoma zote.