Jino Lililofungua Mwamba wa Peceli

Alumita hajawahi kuingia baharini zaidi ya kiuno. Hata hivyo, kwa miaka mingi hakuna mgeni aliyepiga mbizi katika miamba yetu ya Nasaulevu, upande wa kusini wa kisiwa cha Kadavu, bila likizo yake kupangwa na yeye. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya jiko la nyumba ya wageni, mbele ya kompyuta iliyozimika kila jenereta lilipokohoa, akiwaandikia watu wa mbali: ndege ndogo inatua siku gani, mzigo uwe mzito kiasi gani, waje mwezi ukiwa wapi ili mkondo usiwachukue.

Mambo ya chini ya maji aliyajua kwa mumewe, Peceli, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashusha wageni na mitungi yao ya hewa. Jioni Peceli akila magimbi na samaki wa tui, mkewe alimhoji.

"Mwamba wa Delaiwasa leo je?"

"Chewa wamejipanga mlangoni kama kwaya. Wamebakiza kuimba tu."

Kesho yake maneno hayo yalikwenda Ujerumani, na Wajerumani wakaja.

Peceli alikufa mwezi wa Mei. Siku hiyo alikuwa ameshashuka mara tatu. Mgeni mmoja akadondosha kamera, naye akashuka mara ya nne kuitafuta, akapanda haraka kuliko inavyotakiwa, na hewa ikamvurugikia damuni. Kamera aliipata. Ndege ya kumpeleka hospitalini Suva ilichelewa.

Kwetu, mtu wa ukoo wenye bahari akizikwa, sehemu ya mwamba hufungwa kwa ajili yake usiku mia. Mti husimikwa kwenye maji mafupi, ukafungwa majani ya mnazi, na baada ya hapo hakuna wa kuvua wala kuzama pale. Usiku wa mia ukifika, mti hung'olewa, watu huvua, hula pamoja, na ukoo wa mume humvua mjane nguo nyeusi na kumpa kitambaa kipya. Ukoo ulimfungia Peceli mwamba wa Delaiwasa, ule alioupenda. Alumita alisema mbele yetu wanawake, "Nyumba sikumjengea. Kaburi limejengwa na wengine. Huu mwamba ndio nitakaomtunzia mimi."

Shida ilikuwa kwamba kikundi cha Wajerumani kilikuwa kimeshapangiwa safari mwezi wa Julai, na walichokifuata ni Delaiwasa, wakati chewa wanapokusanyika kutaga mayai. Aliyewapangia ni Alumita mwenyewe, Peceli akiwa hai. Sasa akawaandikia kwamba mwamba umefungwa kwa sababu ya msiba. Hakusema msiba ni wake. Kiongozi wao, Bwana Detlef, akajibu siku ya pili: poleni sana, tupelekeni popote mtakapoona panafaa.

Alumita alimwendea Waisale, mwenye nyumba ya wageni, na habari hiyo kama mtu aliyebeba zawadi. Waisale anatoka Muanitoa, kijiji ambacho ni watani wetu tangu mababu. Mtani huwezi kumkasirikia, hata akikutania juu ya jeneza.

"Mtani, wamekubali kwenda kwingine," Alumita alisema.

"Wamekubali leo. Mwakani wataenda Palau, halafu mimi na wewe tutakaa hapa tupigane mbizi wenyewe kwa wenyewe."

"Ni usiku mia tu."

"Na marehemu anahesabu? Peceli namjua mimi. Angeona wageni wamekaa ufukweni wanakula biskuti, angefufuka awashushe."

Watu waliokuwa jikoni wakacheka. Alumita hakucheka, lakini mtani hakasirikiwi.

Jioni hiyo alikwenda kwa Inoke, kaka mkubwa wa Peceli na mkuu wa ukoo. Mwenye kauli juu ya mwamba ni yeye.

"Shemeji, Waisale hajakubali. Atakuja na jino la nyangumi kuomba mwamba," alimwambia. Kwetu jino la nyangumi ndilo neno kubwa kuliko maneno yote. Ukilipokea mkononi, umeshakubali ombi, hata kama moyo wako unakataa.

"Aje," Inoke alisema. "Sitaligusa. Ni ndugu yangu aliyefungiwa mwamba ule, si mbwa."

Alumita akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akalala usingizi.

Waisale alikuja Jumamosi, amevaa vizuri, na watu wake wamebeba fungu la mizizi ya kava, ya kutengenezea kinywaji chetu cha heshima. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake nyuma karibu na mlango. Alumita alikaa bega kwa bega nami. Waisale alipiga magoti, akalitoa jino, akaliinua kwa mikono miwili na kuomba mwamba wa Delaiwasa ufunguliwe mapema, kwa heshima ya marehemu aliyewapenda wageni. Alisema vizuri. Watani wetu wanajua kusema.

Nikamsikia Alumita akivuta pumzi. Hakuwa akimwangalia Waisale. Alikuwa akiiangalia kamba ya jino, kamba ya makumbi, nyeusi kwa mafuta, ambayo pembeni ilikuwa imekatika ikaungwa kwa mshipi wa bluu wa kuvulia.

Jino lile sote tulikuwa tumeliona. Baba yake Alumita ndiye aliyelileta siku ya maziko kuja kumlilia mkwewe, na Inoke akalipokea kwa niaba ya ukoo. Mshipi wa bluu aliufunga Alumita mwenyewe akiwa msichana, kamba ilipoliwa na panya.

Hakuna mtu anayeweza kuja kuomba kwako na jino lililomo sandukuni mwako, isipokuwa umempa.

Inoke alinyoosha mikono akalipokea. Wanaume wakapiga makofi. Bakuli la kava likazunguka.

Alumita alimngoja nje, karibu na pipa la maji.

"Shemeji, lile jino nalijua."

"Meno yote yanafanana."

"Yanafanana kwa asiyeyafunga kamba."

Inoke aliangalia chini. "Ungetaka nifanye nini? Jino limeshainuliwa mbele ya watu, niliache hewani? Mtu ananing'inia na mikono juu, nimwangalie tu?"

"Ungeliacha sandukuni."

Wiki iliyofuata mashua ya Inoke ilikuwa na injini mpya, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Mti uling'olewa, Wajerumani wakashuka. Walirudi juu wakipiga kelele kama watoto: samaki wengi mno, wanene, hawaogopi mtu! Bwana Detlef alimshukuru Alumita mara nyingi, hata akamkumbatia, akidhani kuwa ukoo wenyewe ndio uliobadili nia. Angejua vipi? Alikuwa ameandikiwa hivyo, na Waisale.

Walipoondoka Waisale alikaa jikoni, anakula muhogo, amefurahi.

"Unaona, mtani? Majonzi yako yametunenepeshea samaki. Mwakani tufunge tena kabla ya msimu. Waandikie tangu sasa."

"Nitawaandikia," Alumita alisema. "Lakini tafuta kwanza mtu wa kufa."

Safari hii jikoni hakuna aliyecheka, hata Waisale.

Usiku wa mia ulipofika, hapakuwa na mwamba wa kufungua wala samaki wa kula. Hata hivyo, Inoke alikuja nyumbani kwa Alumita na wazee wawili na wake zao, wakiwa na kitambaa kipya chenye maua mekundu. Nafikiri aibu ilikuwa imemla. Alipiga magoti kwenye mkeka, akakiinua kitambaa kwa mikono miwili, akasema maneno yote yanayotakiwa, kwamba kilio kimekwisha na mjane avue nyeusi.

Alumita alikaa mbele yake, mikono mapajani.

Tulingoja. Mwanamke mmoja akakohoa. Mikono ya Inoke, ambayo si ya kijana tena, ilianza kutetemeka, na pembe moja ya kitambaa ikashuka.

"Mke wa ndugu yangu," alisema kwa sauti ndogo, "pokea. Watu wanatuangalia."

"Kumbe inawezekana, shemeji," Alumita alisema. "Mtu ananing'inia na mikono juu, na anaangaliwa tu."

Inoke alishusha mikono. Alikikunja kitambaa vibaya, kama mtu asiyewahi kukunja nguo, akakiacha juu ya mkeka na kutoka. Kitambaa kile kipo hadi leo, juu ya kabati, kimeshika vumbi. Wageni wapya wakifika, Alumita huwapokea gatini akiwa na nguo zake nyeusi, na wengine humwomba wampige picha.