Nilimsikia Mdogo Wangu Akiniita, Nikaongeza Sauti ya TV

Admin, naomba ufiche jina langu na la mdogo wangu, maana humu wamo watu wa Bunda wanaotufahamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina mume na watoto wawili, naishi Nyasura na nina saluni ndogo ya kusuka. Ninachoandika hapa mume wangu hakijui, mama yangu hakijui, hata padri sijamwambia.

Tumezaliwa Kiabakari, wa kike tuko wawili tu. Mdogo wangu nitamwita Wegesa. Mtaani kwetu TV ilikuwa moja, chogo, zile zenye mgongo mkubwa, haina rangi, ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anaiwasha kwa betri ya gari. Tulikuwaga tunanawa kwanza miguu ndio turuhusiwe kukaa sakafuni. Betri ikichoka, picha inasinyaa mpaka kinabaki kimstari, watu wazima wanaguna kama wamefiwa. Tamthilia zilikuwa za nje, lugha hatuijui, lakini tulijua nani mbaya na nani anaonewa. Wegesa akibakishwa nyumbani kuosha vyombo, mimi namsimulia tukiwa kitandani, naigiza sauti zote, na yeye analia kweli kweli kwa mtu ambaye hajamwona. Mama alikuwa anasema hawa wataolewa na televisheni.

Tulivyokua zikaja zile za kuingizwa sauti za Kiswahili. Wegesa akaolewa na mvuvi kule Kibara, mimi nikabaki Bunda, na kila episode ikiisha ananipigia tunaijadili kama vile ni mambo ya majirani zetu.

Alikaa kwenye ndoa miaka sita bila kushika mimba. Aliposhika mwaka jana, tulikubaliana ikifika miezi saba aje kwangu, awe karibu na hospitali. Zile wiki tulizokaa naye zilikuwa tamu. Mchana wateja wakipungua narudi nyumbani, tunaweka miguu juu ya stuli, tunaangalia marudio.

Siku hiyo ilikuwa mwisho wa tamthilia tuliyoifuata karibu mwaka mzima. Jana yake umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo marudio ya saa tisa ndio yalikuwa nafasi yetu. Kabla haijaanza Wegesa akasema mgongo unamuuma, anaenda kujinyoosha kidogo, ikifika pazuri nimwite.

Haikupita muda akaniita. "Dada." Nikamjibu nakuja, subiri tangazo. Akaniita tena, sauti ikiwa chini zaidi. Nilimsikia. Nikajiambia anataka kujua kama yule bwana wa kwenye tamthilia amefufuka, nikachukua rimoti nikaongeza sauti. Matangazo yakaja, nikasema nikinyanyuka itarudi bila mimi. Sikunyanyuka mpaka majina ya waigizaji yalipoanza kupita.

Nilimkuta sakafuni katikati ya kitanda na mlango. Damu ilikuwa imefika kwenye kapeti. Alikuwa ananiangalia tu, haongei.

Jirani aliita bajaji, tukafika hospitali. Nesi akaniuliza damu imeanza saa ngapi. Nikasema, "Sasa hivi tu." Hilo neno ndilo linaloninyima usingizi. Walimwingiza chumba cha upasuaji, na daktari alipotoka akasema mtoto amefariki, wa kiume, na mama wamelazimika kumtoa kizazi ili abaki hai. Akasema kama angefika mapema kidogo huenda yangekuwa mengine. Mume wangu akanishika bega, akanishukuru kwa kumwahi.

Toka hapo Wegesa anamwambia kila mtu kuwa mimi ndiye niliyemwokoa. Mumewe alikuja mara mbili, mara ya tatu hakuja, tukasikia ameoa mwingine. Mdogo wangu yuko kwangu mpaka leo.

Ningeweza kukaa na hii aibu mpaka nizikwe. Lakini huko Kibara wamesema mimba ilifungwa kichawi, na wamemtaja shangazi wa mume, mama mzee mjane anayeishi peke yake, ambaye kosa lake ni kumshika Wegesa tumbo siku anaondoka na kumwombea. Mwezi uliopita vijana wamemng'olea mihogo yake yote. Wamemwambia ahame. Jumapili hii ukoo unakaa kikao kumjadili, na sisi tumeitwa, Wegesa aeleze ilivyokuwa. Nikimwangalia, na yeye ameanza kuamini. Juzi amesema bibi yule alikuwa na mikono ya baridi sana.

Jana jioni nilikuwa nachagua mchele, TV imezimwa, maana siku hizi siiwashi na nikiulizwa nasema kifurushi kimeisha. Wegesa akaniuliza taratibu, hata hajaniangalia, "Dada, siku ile nilipokuita, ulinisikia?"

Nikamwambia TV ilikuwa na kelele.

Akasema, "Uliniitikia."

Mikono yangu ikasimama kwenye ungo. Yeye akanyanyuka akaenda kuanua nguo, na tangu hapo tunaongea mambo ya chumvi na maji tu. Sijui kama amejua, au ananipa nafasi niseme mwenyewe.

Ndugu zangu, najua wengi mtanitukana, nitasoma yote. Ila naombeni mnisaidie kwa hili moja. Nikimwambia, nitakuwa nimempoteza mdogo wangu, na mume wangu atajua ameoa mtu wa namna gani. Nikinyamaza, mama wa watu atafukuzwa kwake uzeeni kwa kosa langu. Nianze na Wegesa tukiwa wawili humu ndani, au nisubiri nisimame mbele ya wote Kibara? Jumapili ni keshokutwa, na yeye ameshapanga nguo za safari.