Jiwe la Jirani Kwenye Foleni ya Unga

Jioni ile kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, mtaa wa Gerezani, tulibaki mimi, mwalimu, wadogo zangu wawili niliowalea tangu wazazi wetu wafariki, na majirani wawili wa nyumba tuliyopanga: mama muuza vitumbua na mke wa fundi cherehani. Hao wawili walikuwa hawasemezani. Hata watoto wao walikatazwa kucheza pamoja uani.

Niliachia shule darasa la tano, lakini mwalimu aliniomba niwaandikie wanakisomo hadithi. "Andika watu wapatane," aliniambia. "Watoke hapa na hamu ya kutafuta amani."

Unga siku zile ulikuwa wa foleni. Alfajiri uliweka jiwe mbele ya duka la ushirika likushikie nafasi, ukaenda kwenye shughuli zako. Hadithi yangu ilikuwa ya wanawake wawili waliogombana. Mmoja akaona jiwe la mwenzake limeachwa nyuma, akalisogeza pamoja na lake. Wakapatana. Nilipomaliza kusoma, mama vitumbua alifuta macho kwa ncha ya khanga. Mke wa fundi alitazama dirishani.

Kesho yake foleni ilisogea, jiwe la mke wa fundi likarukwa. Mama vitumbua akalibeba, akaliweka mbele karibu na lake.

"Heee, jiwe limeota miguu!" mtu wa nyuma akapiga kelele.

"Mama vitumbua, siku hizi umekuwa bwana foleni?"

Wale wa nyuma wakayatupa mawe yote mawili mtaroni. Mke wa fundi alipofika, alichoambiwa ni kwamba jirani yake amelichezea jiwe lake.

Mama vitumbua alikuja mlangoni kwangu na kikapu kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi mwanangu, kwenye hadithi yako, wale wa nyuma walikuwa wapi?"

Nilikwenda kwa mke wa fundi kumweleza ukweli. "Wewe na hadithi zako," akasema, "hebu nipishe nifue."

Nikampimia mama vitumbua unga wetu kidogo. Akaurudisha. "Wape wadogo zako. Mimi niandikie nyingine, na wale wa nyuma nao wakubali."

Nilimwahidi. Tangu hapo nimeandika nyingi za kupatanisha watu, ila hiyo bado. Kila nikianza, mtu wa nyuma kwenye foleni ana watoto wenye njaa nyumbani, naye ana haki ya kupiga kelele. Sijui nimwambie nini. Hadithi ya mama yule nadaiwa mpaka leo.