Matundu ya Nyuma

Juzi, kwa fundi wa kompyuta hapa Ifakara, niliona kasha la kompyuta lenye ubavu wa kioo, feni zikizunguka wazi. Nikakumbuka kompyuta ya marehemu baba. Kasha lake lilikuwa la bati, lenye matundu nyuma. Baada ya mazishi, mama aliiwasha kila alasiri tusikilize sauti ya baba akiimba kwaya, iliyohifadhiwa humo tu. Matunduni ilitoka hewa vuguvugu yenye harufu ya pumba za mpunga. Sasa najua matundu yale ni njia ya kutolea joto; wakati ule nilidhani ni pumzi ya baba inayoisha. Nikayaziba kwa tope la jaruba la mpunga. Wimbo ulikatika, plastiki ikanuka kuungua.

"We Neema, umefanya nini?"

"Nimemzuia baba asiondoke."

Mama hakunichapa. Aliweka kiganja juu ya bati, akakiacha hapo mpaka lilipopoa.